Kungoja nako ni kazi: niliyoyapata kwa kujifunza kuendesha ngalawa ukubwani, hapa Mombasa

Assalamu alaykum wanajamvi, na hamjambo nyote mlioko pwani na bara.

Uzi huu ni mrefu, na ninamwomba anayeusoma ausome kwa nafasi. Kwa muda sasa nimekuwa nikitafakari jambo nililolipata baharini, ambalo sikulipata shuleni wala kazini, nalo ni kwamba kungoja ni kazi yenye ujuzi wake, na mtu anaweza kuijua au asiijue kabisa. Nimelipata kwa kujifunza kuendesha ngalawa nikiwa mtu mzima mwenye familia, nikifundishwa na mvuvi wa upande wa Nyali ambaye humu nitamwita nahodha tu, kwa kuwa hakuniomba nimtangaze.

Kazi yangu ni kutoa mizigo ya watu bandarini Kilindini. Kwa miaka mingi nimeshughulika na meli kila siku ya kazi, yaani nyaraka za shehena, ushuru wa forodha, tarehe ya meli kutia nanga na tarehe ya kontena kutoka getini, lakini sikuwa nimewahi kukaa ndani ya chombo kinachokwenda kwa upepo. Najua hali hii si yangu peke yangu. Mombasa ni kisiwa kilichokumbatiwa na mkono wa bahari wa Tudor upande mmoja na ule wa Kilindini upande wa pili, na wengi wetu tuliozaliwa humu tunavuka maji kila siku kwa feri ya Likoni au kwa daraja la Nyali bila kuyatazama. Nalisema wazi kwamba linanihuzunisha: mtoto wa Kibokoni au wa Majengo anaweza kumaliza masomo yake yote bila kujua leo maji yatajaa saa ngapi, na hali miaka si mingi iliyopita majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi yalikuwa yakiingia Bandari ya Kale kwa kaskazi, upepo wa msimu utokao kaskazini, na kuondoka kwa kusi, upepo wa msimu utokao kusini, na mji mzima ukajua kalenda hiyo bila kuiandika ukutani.

Kwa ambao hawajaiona kwa karibu, ngalawa ni gogo lililochongwa, kwa kawaida la mwembe, lililokingamishwa miti miwili inayoshika matengo, yaani mbao za kuelea za pembeni, ili chombo kisipinduke. Tanga lake ni la pembe tatu, limefungwa kwenye foromali, mti mrefu unaoshika tanga, na foromali hupandishwa mlingotini kwa kamba iitwayo henza. Pembe ya nyuma ya tanga hushikwa kwa kamba iitwayo demani, na mwenye kushika demani na mwenye kushika usukani ndio wanaoamua, baada ya upepo, chombo kitakwenda vipi. Hapana injini, na hapana kitu cha kuficha uamuzi mbaya.

Mwanzoni nahodha hakunipa usukani wala demani. Alinipa upo, kata ya kutolea maji chomboni, akaniketisha karibu na ngama, mahali pa chini panapokusanyika maji hayo, na kila baada ya muda akaniuliza swali lile lile: "Upepo unatoka wapi?" Nilimwonyesha kwa kidole, naye akanyamaza, kisha chombo kikabadilisha uelekeo na swali likaulizwa upya. Hakuongeza maelezo, na mimi niliyezoea semina na maandishi ubaoni nilidhani mafunzo yenyewe bado hayajaanza. Kumbe yalikuwa yameanza, na somo lenyewe lilikuwa kuangalia. Upepo hauonekani, lakini alama zake ziko kila mahali. Ukigeuza uso taratibu mpaka uusikie sawasawa katika masikio yote mawili, umeelekea unakotoka. Mabaka meusi yanayotembea juu ya maji ni upepo mkali ulio njiani, na mwenye kuyaona mapema hulegeza demani kabla hayajamfikia, badala ya kuhangaika wakati chombo kimekwisha kulala ubavu. Rangi ya maji husema kina na kilicho chini yake, kwani palipo na mchanga huwa kijani chepesi na palipo na nyasi za bahari au matumbawe huwa peusi, lakini rangi hizo zinasomeka jua likiwa juu au mgongoni mwako. Jua likiwa usoni bahari yote hung'aa, na mwamba hauuoni mpaka umeufikia.

Nilipata pia kitu kingine ambacho sitakieleza kwa urefu, ingawa kina uzito kwangu. Ufukweni vijana huniita bosi kwa sababu ya shati na simu. Ndani ya ngalawa mimi ndiye mdogo wa wote, hata kwa mtoto wa nahodha ambaye bado anasoma na hutoka nasi wakati wa likizo. Akisema "Legeza!" ninalegeza, na akisema "Inama!" ninainama, kwa sababu foromali haijali umri wa kichwa. Mtu mzima anayeamriwa na kijana kwa haki, na akatii bila kununa, hupata elimu ambayo cheo kilikuwa kimeizuia mlangoni kwa miaka.

Sasa nije kwenye kungoja kwenyewe. Kutoka maji kujaa hadi kujaa tena kwetu hupita takriban saa 12 na dakika 25, ndiyo maana maji yaliyojaa leo saa nne asubuhi kesho yatajaa karibu saa tano kasoro dakika kumi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hapa Mombasa huzidi mita 3. Mwezi ukiwa nusu maji huwa mafu, na tofauti hiyo hupungua hadi karibu mita 1. Mimi nilikuwa naziona tarakimu hizi kama habari za wenye meli. Ukiwa na ngalawa unaziona kwa miguu yako, kwa sababu chombo ulichokiacha kinaelea jana kimekaa leo juu ya mchanga mkavu, mbali na maji, na hapana nguvu za mtu mmoja wala hasira za mwenye haraka zitakazokifanya kielee. Mwenye miadi ya saa tatu na maji ya saa sita hana la kufanya ila kuhamisha miadi.

Lililonishangaza ni jinsi wavuvi wanavyoutumia muda huo. Nilitarajia kukuta watu wamelala chini ya mnazi. Nilikuta mmoja anaziba nyufa za chombo kwa pamba, mwingine anakipaka chake sifa, yaani mafuta ya samaki, wengine wanashona nyavu zilizochanika mwambani, na wote wanazungumza mambo ambayo kwa sikio la mgeni ni soga: nani amerudi alfajiri, alikutana na mkondo wa namna gani, upepo uligeuka saa ngapi, papa mdogo alionekana wapi. Hayo ndiyo magazeti yao. Wakati maji yanapofika mahali panapotosha, wale wale waliokuwa wamekaa huinuka kwa kasi ambayo sijaiona katika ofisi yoyote ya mji huu, kwa kuwa nafasi ya kutoa chombo ni fupi na kila mtu anajua kamba yake iko wapi.

Kuna siku moja ambayo nataka niielezee kwa utulivu, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niandike uzi huu. Ilikuwa mwanzo wa kusi. Nilikuwa nimevuka kutoka kisiwani mapema, mbingu ilikuwa safi, na kwa macho yangu bahari ya ndani ya mwamba, yaani kati ya ufukwe na mstari wa matumbawe, ilikuwa imetulia kabisa. Nahodha alisimama muda mrefu akitazama mstari mweupe wa mawimbi juu ya mwamba, akazungumza na mtu aliyetoka baharini usiku ule, akaangalia tena upande wa kusini, kisha akasema, "Leo hatutoki." Vyombo vingine vilitoka. Vilirudi vyote salama, na vilirudi na samaki, na baadhi ya vijana walimtania nahodha kwamba uzee unamwingia. Yeye hakujitetea. Nilipomwuliza baadaye, tukiwa tumekaa kwa kahawa, alinijibu hivi: "Wao wamerudi kwa sababu upepo haukuja, mwanangu. Asubuhi mimi sikujua kuwa hautakuja, na wao pia hawakujua."

Nimeyafikiria maneno hayo mara nyingi. Alichokiona asubuhi kilikuwa hiki: ilikuwa bamvua, na saa ambayo tungekuwa tunarudi kupitia mlango wa mwamba maji yangekuwa yanapwa na kutoka nje kwa nguvu, na upepo wa kusi ukikaza ungekuwa unasukuma mawimbi kuingia ndani. Maji yanayotoka yakikutana na upepo unaoingia, mawimbi hufupika, husimama wima na huvunjika mahali pale pale penye njia nyembamba ambapo chombo hakina nafasi ya kugeuka. Hakusema kwamba yatatokea. Alisema kwamba yakitokea hana pa kupita, na kwa hilo akaamua. Uamuzi wake ulikuwa sahihi asubuhi na uliendelea kuwa sahihi jioni, ingawa jioni ilionyesha kwamba waliotoka wamepata na yeye amekosa.

Sisi wa nchi kavu hatupimi hivyo. Katika kazi yangu, anayesukuma mzigo kwa karatasi pungufu na ukapita husifiwa kwamba ni mjanja, na mwenzake anayesubiri hati itimie huitwa mzito, mpaka siku mzigo wa yule wa kwanza unapozuiwa na mteja kulipia gharama za kontena kukaa bandarini siku baada ya siku. Hata siku hiyo tunasema amekosa bahati. Hatusemi kwamba alikuwa anaamua vibaya tangu zamani, na kwamba kila mara iliyopita alirudi salama kwa sababu tu upepo haukuja. Tangu nilipoelewa jambo hili nimejizoeza, ninapotathmini kazi ya vijana walio chini yangu, kuwauliza walijua nini wakati wanaamua, kabla ya kuwauliza mambo yalikwishaje. Mazungumzo yetu yamebadilika sana, na vijana wawili watatu ambao walikuwa wanahesabiwa kuwa wazito nimewaona kwa macho mapya.

Historia ya pwani yetu yenyewe ina mfano mkubwa wa jambo hili. Vasco da Gama, baharia Mreno, baada ya kupita Mombasa, aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498 akiwa na rubani anayeijua njia, kusi inaanza kushika, na tarehe 20 Mei akafika pwani ya Kalikuti huko India. Safari haikutimiza mwezi. Kurudi, aliondoka pwani ya India mapema Oktoba, kabla kaskazi haijasimama, na hakufika Malindi mpaka tarehe 7 Januari 1499. Bahari ile ile, mabaharia wale wale, lakini safari ya karibu miezi mitatu, na watu wengi walikufa njiani kwa ugonjwa wa kiseyeye. Waliobaki walikuwa wachache kiasi cha kutotosha kuendesha meli zote, na meli moja, São Rafael, ikachomwa moto katika pwani iliyo kusini mwa Mombasa. Mabaharia wa Bahari ya Hindi walikuwa wamengojea misimu hiyo kwa karne nyingi, wakiishi miezi mizima katika miji ya ugenini, wakioa na kufanya biashara na kutengeneza vyombo vyao mpaka upepo ugeuke. Mimi naona kwamba sehemu kubwa ya ustaarabu wetu wa pwani, pamoja na damu zetu zilizochanganyika, umezaliwa na watu waliojua kukaa mahali wakingoja upepo.

Nisidhaniwe kwamba nafundisha kukaa tu. Kuna kungoja huku chombo kinakwenda. Upepo ukitoka pale unapotaka kufika, ngalawa haiwezi kuukabili moja kwa moja, bali hubisha, yaani huenda mshazari upande mmoja, kisha hugeuzwa na kwenda mshazari upande wa pili. Tanga la foromali lina usumbufu wake hapo, kwani mara nyingi chombo hugeuzwa kwa kukipeleka chini ya upepo na kuhamisha tanga upande wa pili wa mlingoti, na katika kugeuka huko unapoteza kidogo cha ulichokipata. Mtu aliye ndani anahisi haendi popote. Nahodha alinifundisha kutafuta vitu viwili nchi kavu vilivyo katika mstari mmoja, kama mnazi ulio mbele na paa lililo nyuma yake, na kuvitazama jinsi vinavyoachana: vikiachana upande huu unasonga, vikiachana upande ule mkondo unakurudisha, hata kama maji yanapita ubavuni kwa kasi ya kufurahisha. Hisia ya mwendo si mwendo. Tena, anayekaza demani kupita kiasi kwa kutaka kufika haraka hukilemea chombo, kikaenda ubavu badala ya kwenda mbele, na mara nyingi dawa ni kulegeza kiasi cha shubiri moja tu.

Nimelitumia somo hili nyumbani. Baada ya mzee wetu kufariki, sisi ndugu tulibaki na nyumba isiyogawanywa, na mimi, kwa mazoea ya kazi, nilitaka kikao cha familia kiitwe mara moja, hati zitolewe, kila mmoja aseme neno lake, jambo liishe. Nilikuwa na haki ya kutaka hivyo. Lakini nilimtazama kaka yangu mkubwa nikaona kwamba kila nyumba inapotajwa, uso wake unabadilika kabla hata hajajibu, na nikaona kwamba maji bado hayajafika. Basi nikafanya yale yanayofanywa ufukweni: nikakusanya hati moja moja, nikakaa na shangazi akanieleza nani alijenga chumba kipi na kwa fedha gani, nikalipia ukarabati wa paa bila kuandika popote kwamba ninadai. Kaka mwenyewe ndiye aliyekuja kuniambia kwamba ameona tukae. Hatujamaliza, na huenda tukatofautiana tena. Lakini tumekaa chumba kimoja na tukala pamoja, na ninaamini kwamba kikao kile kingeitwa wakati nilipokitaka mimi, kisingekuwa na watu wote ndani yake.

*

Naendelea, baada ya kusoma maoni yenu. Nawashukuru wote.

Ndugu wa Kisauni ameandika kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na kwamba sisi watu wa pwani tayari tunasemwa kuwa wavivu, kwa hiyo ninawapa hoja wanaotusema. Hoja yake ni nzito na nimeichukua kwa uzito. Mimi naona kwamba wanaotusema wameona watu wamekaa ufukweni saa tano asubuhi, wasijue kwamba watu hao waliamka kabla ya adhana ya alfajiri. Tofauti ya anayengoja na aliyezubaa inajulikana ukimwuliza anangojea nini. Nahodha atakwambia anangojea maji yafike kwenye jiwe fulani, au mstari wa mwamba upungue weupe, na atakwambia akiona hivyo atafanya nini, na kamba zake ziko tayari. Aliyezubaa atakwambia anangoja mambo yawe mazuri. Nakubaliana na ndugu yangu kwamba wengi wetu tuko katika kundi la pili, katika ajira, katika ndoa za watoto wetu, hata katika siasa za mji huu, na hilo silitetei kabisa. Nakubali pia kwamba kuna mambo ambayo kila siku ya kuchelewa ina gharama yake, kama mgonjwa au kontena, na huko mwenye busara huondoka na upepo mbaya kuliko kukosa kuondoka.

Mwingine amesema kwamba ninapamba umaskini wa wavuvi, kwamba kwangu bahari ni matembezi na kwao ni chakula. Hili ni kweli, na ningependa lisomwe pamoja na yote niliyoandika juu. Miezi ya Juni na Julai kusi inapokaza, vyombo vidogo hukaa siku nyingi bila kutoka, na siku isiyo na bahari ni siku isiyo na fedha nyumbani. Mimi hungoja nikiwa na mshahara. Nahodha hungoja akiwa na deni la duka. Kwa hiyo aliposema "Leo hatutoki," alikuwa analipia maneno yale kwa mfuko wake, na hapo ndipo uzito wa uamuzi wake unapoonekana. Tangu siku ile ninamlipa hata tusipotoka. Alikataa mwanzoni, nikamwambia kwamba ninachomlipa ni macho yake, na siku ambayo macho yake yanasema tubaki ndiyo siku ambayo yamenifaa zaidi. Ninawasihi wote wanaokodi vyombo vya wenyeji, watalii na wenyeji wenzangu, wafanye vivyo hivyo, kwa sababu nahodha anayejua kwamba asipotoka halipwi ana shinikizo la kutoka siku asiyopaswa kutoka, na watu waliomo chomboni ndio wanaoweza kulipia kwa maisha yao.

Dada mmoja ameuliza kama mwanamke anaweza kujifunza, na kama asiyejua kuogelea anaweza kutoka. Mwanamke anaweza, na mke wangu amekwisha kutoka nasi na kushika demani. Avae tu nguo isiyonasa kwenye kamba. Kuhusu kuogelea, ushauri wangu ni kwamba ajifunze kwanza, walau kuelea na kutulia ndani ya maji, katika maji ya kina kifupi ndani ya mwamba, na hata akijua asitoke bila jaketi la kuokolea maisha lililofungwa vizuri mwilini. Jaketi lililowekwa chini ya kiti halina kazi. Amwachie mtu wa nchi kavu habari ya wapi anakwenda na saa gani anatarajiwa kurudi. Ajue pia kwamba sehemu ya bahari iliyo mbele ya Nyali na Bamburi imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka 1986, ambayo eneo lake la ndani, lenye ukubwa wa kilomita za mraba 10, haliruhusiwi kuvuliwa kabisa. Nahodha mwenyeji anajua mipaka yake, na ni vema mwanafunzi aulize mapema.

Kwa waliouliza msimu wa kuanza, mimi naona kaskazi ndiyo rafiki wa mwanafunzi, yaani kuanzia Desemba hadi Machi, na hasa asubuhi kabla upepo wa mchana haujakaza. Jedwali la kujaa na kupwa hutolewa na Halmashauri ya Bandari, nanyi mnaweza kuanza leo hata bila chombo: chagueni jiwe au ngazi moja mnayopita kila siku, tazameni maji yamefika wapi na saa ngapi, na mlinganishe na mwezi. Baada ya mwezi mmoja mtaweza kukisia bila jedwali.

Ndugu aliyeuliza kuhusu kupita na tanga katika mkono wa Tudor wakati wa bamvua, huko mkondo ni mkali na mimi sijawahi kupita. Najua humu wamo watu waliolelewa Tudor na Mlango wa Papa. Tafadhali mwenye ujuzi huo amjibu, na aeleze ni saa ngapi kabla ya maji kupwa ndipo njia inapoanza kuwa ngumu.